Kununua Chakula kwa Wakulima wa Karibu Bila Gari: Mwongozo Kamili

Watu wengi walionisimulia walivyojaribu jambo hili wameishia palepale. Walikwenda mara moja, wakavutiwa na kila kitu, wakanunua kwa pupa, wakarudi mabega yanawaka na nusu ya nyanya zimepondeka. Hawakurudi tena. Halafu wakajilaumu kwamba hawana bidii.

Bidii wanayo. Wanachokosa ni mpango. Gari humfanyia mnunuzi kazi nne kwa mpigo: hubeba uzito, hufupisha muda, hukinga mzigo na jua, na humsitiri mtu asiyepanga. Usipokuwa nalo, kila moja ya kazi hizo inahitaji kitu kingine cha kuifanya. Hiyo ya nne ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujatoka nyumbani.

## Vitu vya kuwa navyo

- Begi la mgongoni lenye mikanda mipana. Likiwa na mkanda wa kufunga kiunoni ni bora zaidi, kwa sababu uzito unahamia kwenye nyonga.
- Toroli ya mkono ya magurudumu mawili, au baiskeli yenye keria. Kimoja kinatosha.
- Chombo kigumu chenye mfuniko, kama ndoo ndogo, kwa ajili ya vitu vinavyopondeka.
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita, zimejazwa maji na kugandishwa. Usizijaze hadi juu. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na chupa iliyojaa pomoni hupasuka.
- Taulo nene au kipande cha blanketi.
- Mifuko ya kitambaa na magazeti ya zamani.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza.
- Daftari.

Mizani inaonekana kama anasa. Kwangu ndiyo iliyokuwa na faida kuliko vyote, na hatua ya kwanza inaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Jua uwezo wako kwa kilo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jaza chupa sita za lita moja, zipange kwenye begi, kisha tembea njia ile ile utakayopita na chakula: kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwako, pamoja na ngazi zote. Kesho yake ongeza chupa mbili. Endelea hivyo mpaka ufikie uzito unaokulazimu kusimama kupumzika, kisha ondoa kilo mbili. Hapo ndipo penye kikomo chako.

Kikomo changu kwa begi ni kilo 9. Kabla sijakijua, nilikuwa nikirudi na kilo 14 au 15, nimegawa kwenye mifuko miwili ya plastiki, na mishikio yake inaniacha na mifereji myekundu vidoleni ambayo haikutoka hadi jioni. Nilidhani mwili wangu ndio dhaifu. Kumbe nilikuwa nabeba mara moja na nusu ya ninachoweza, tena kwa mikono, ambayo huchoka mapema kuliko mgongo.

Toroli huongeza kikomo hicho sana kwenye barabara iliyo laini, lakini ngazi na milango ya mabasi huirudisha kuwa mzigo wa kunyanyua. Pima toroli iliyojaa kwa kuinyanyua hadi urefu wa goti. Ukishindwa kuinyanyua peke yako, usitegemee kwamba atapatikana wa kukusaidia.

Kwenye baiskeli, angalia maandishi kwenye keria. Nyingi zina kikomo cha kilo 25. Weka vizito chini na ugawe sawasawa kulia na kushoto, kwani mzigo ulioko juu huyumbisha usukani kila unapokata kona.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba moja imeandikwa daftarini. Manunuzi yote yatafuata namba hiyo.

## Hatua ya 2: Anza na njia unazopita, si mashamba

Wengi huanza kwa kuuliza wakulima wako wapi. Swali hilo humpeleka mtu kwenye shamba zuri lililo mbali, anakofika mara moja kwa mwaka. Anza upande wa pili. Chora kwenye daftari njia unazopita kila wiki: kazini, shuleni kwa watoto, nyumba ya ibada, kwa wazazi. Kisha tafuta chakula kilicho kando ya njia hizo.

Pima kwa dakika, si kwa kilomita. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Akiwa na begi zito hupungua. Hesabu safari nzima ya kurudi, kuanzia pale unapopokea chakula hadi mlangoni, pamoja na muda wa kusubiri basi. Kwa ninavyoona, safari ya kurudi inayozidi dakika 45 huwa haidumu. Mtu ataivumilia wiki tatu, ya nne itanyesha mvua, na mambo yataishia hapo.

Hakikisha pia unajua basi la mwisho linapita saa ngapi siku ya gulio. Ratiba ya Jumamosi na Jumapili mara nyingi ni tofauti na ya siku za kazi.

Ukimpata mkulima, muulize swali hili: "Mnapopeleka mazao sokoni, mnapita wapi?" Kwangu swali hilo lilibadilisha mambo yote. Mkulima anayeuza haketi shambani akisubiri wateja. Anasafirisha mazao hadi sokoni, shuleni, kwenye mikahawa. Gari lake tayari liko barabarani. Huenda linapita umbali mfupi tu kutoka kwako, na kumwomba asimame dakika tano kituoni kupokea oda iliyolipiwa ni jambo dogo kwake kuliko wewe kusafiri saa mbili kumfuata.

## Hatua ya 3: Jiridhishe kwamba aliyelima ni wa karibu

Si kila aliyesimama nyuma ya meza kwenye gulio amelima anachouza. Uliza kwa upole, ukiwa na nia ya kujifunza: hiki kimevunwa lini? Mwezi ujao mtakuwa na nini? Mwaka huu kipi kimewasumbua? Mkulima hujibu papo hapo na mara nyingi anaongeza maelezo, kwa sababu ndiyo maisha yake. Meza yenye kila aina ya tunda mwaka mzima, hata yasiyo ya msimu, inakupa jibu yenyewe.

Hata hivyo, usimdharau mchuuzi. Mchuuzi mwaminifu anayechukua mazao kwenye mashamba matatu ya jirani na kuyauza karibu na kituo chako anakufanyia kazi ambayo wewe huwezi. Mtu asiye na gari akipata mchuuzi wa namna hiyo, amtunze.

## Hatua ya 4: Gawa chakula kwa uzito na uhai wake

Hii ndiyo hatua iliyokosekana karibu kwa kila aliyeshindwa. Alinunua vyote safari moja, kama vile vyote vina tabia moja. Kaa chini uandike vyakula vya nyumbani kwako katika mafungu matatu.

Vyepesi vinavyoharibika haraka. Mboga za majani, viungo vibichi, mayai, matunda laini. Hivi hubebwa kila wiki kwa mkono. Trei ya mayai 30 ina uzito wa takriban kilo 1.8, na fungu kubwa la majani halifiki kilo moja. Hapa ndipo ladha ya mazao ya karibu inapoonekana wazi zaidi, maana majani yaliyovunwa asubuhi ile hayafanani kabisa na yaliyosafiri siku nne.

Vizito vinavyodumu. Viazi, vitunguu, maboga, kabichi, nafaka, kunde kavu. Usivibebe kila wiki. Vichukue mara moja kwa mwezi au miezi miwili, kwa wingi, na uletewe au mkodi usafiri kwa kuchangiana (tazama hatua ya 8). Gunia la viazi mgongoni halikuongezei lolote katika uzuri wa chakula chako.

Vizito vinavyoharibika haraka. Maziwa, nyama, samaki. Hili ndilo fungu la hatari. Bakteria huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Vyakula hivi visikae nje ya baridi zaidi ya saa 2 kwa jumla, na hali ya hewa ikipita nyuzi 32, visizidi saa 1. Hesabu inaanzia vinapotolewa kwenye baridi ya muuzaji, si unapopanda basi.

Kama safari yako inazidi muda huo na huna boksi la baridi, fungu la tatu liache. Kununua maziwa dukani na mboga kwa mkulima si kushindwa. Anayelazimisha vyote kwa pamoja ndiye huishia kuacha vyote.

Mafungu yakishakamilika, jumlisha uzito wa fungu la kwanza. Ukiwa chini ya namba ya hatua ya 1, mpango wako unasimama.

## Hatua ya 5: Agiza na ulipe mapema

Kwenda kutazama kilichopo ni uhuru wa mwenye gari, kwa sababu akikosa hapa anakwenda kule. Wewe ukikosa umepoteza nusu siku. Tuma ujumbe siku mbili kabla, mfupi na usio na utata:

"Habari za leo. Naomba kwa Jumamosi: mayai trei 1, mchicha mafungu 3, nyanya kilo 2, zisiwe zimeiva sana. Nitakuwa kituoni saa 2:30 asubuhi. Nalipa leo. Kama kuna kilichokosekana, tafadhali nijulishe, usibadilishe."

Hayo maneno mawili ya mwisho yana sababu. Mkulima mwema akikosa nyanya anaweza kukuwekea boga la kilo tano kwa moyo safi kabisa, na boga hilo likavuruga safari nzima.

Kwa mkulima usiyemfahamu, anza na oda ndogo kabla ya kulipia kubwa.

## Hatua ya 6: Panga mzigo kama fundi

Usipange ukiwa umesimama katikati ya watu. Tafuta benchi au ukuta mfupi, uweke begi wazi, utoe kila kitu ukione, kisha ufuate utaratibu huu.

Vizito huwekwa karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mgongo. Vikiwa chini kabisa vinavuta mabega nyuma. Vikiwa mbali na mgongo vinakulazimisha kuinama mbele kama unayepanda mlima.

Vya baridi vifuate. Weka chupa zilizoganda, moja chini na moja juu ya maziwa au nyama, uvizungushie taulo na kuifunga. Barafu ina nguvu kuliko maji baridi: kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ndiyo maana chupa ya maji ya friji haisaidii sana, na iliyoganda inakufikisha nyumbani. Taulo ndiyo inayozuia nguvu hiyo isipotelee hewani. Nyama mbichi ifungwe kwenye mfuko wake peke yake, isije ikachuruzika juu ya majani mtakayokula mabichi.

Nyanya na matunda laini yaingie kwenye ndoo, tabaka moja au mawili tu, na gazeti lililokunjwa katikati. Geuza upande wa kikonyo uangalie chini, maana kikonyo cha nyanya moja ndicho kisu cha nyanya ya jirani. Mwombe mkulima akuchagulie zilizoanza tu kugeuka rangi. Zitaivia nyumbani, na njiani zitastahimili.

Mayai yawe juu kabisa, au uyabebe mkononi. Trei ya kadibodi ifungwe na nyingine tupu juu yake kama mfuniko, kwa kamba mbili zilizopishana msalaba. Niliwahi kupoteza mayai 11 kwa sababu nilifunga kamba moja tu, basi likafunga breki, na trei ikateleza kutoka upande usio na kamba.

Majani yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, si kilicholowa. Unyevu huyazuia yasinyauke. Maji yaliyotuama huyaozesha.

Ukimaliza, ning'iniza begi kwenye mizani. Limezidi? Toa kitu sasa hivi, ukiachie kwa mkulima hadi wiki ijayo. Usiseme "nitajikaza".

Begi lililopangwa vizuri unalijua kwa kuruka kidogo papo hapo ulipo: halitoi sauti wala halikuyumbishi.

## Hatua ya 7: Njiani

Panda basi mapema kwenye kituo kinachotangulia kile chenye watu wengi, hata kama ni kutembea dakika tano kurudi nyuma. Ukipanda kwenye msongamano, mayai ndiyo yatakayolipa.

Kaa upande usiopigwa na jua. Begi liwe kati ya miguu yako, si juu kwenye rafu wala karibu na injini. Usipitie kwingine. Hili nalisisitiza, kwa sababu safari nyingi huharibikia kwenye "nipite hapa mara moja" ya nusu saa. Mizunguko mingine yote ifanye unapokwenda, begi likiwa tupu.

## Hatua ya 8: Unganeni

Peke yako unaweza kuendelea na mboga na mayai kwa miaka. Ukitaka viazi, nafaka na maboga, tafuta wenzako. Nyumba nne au tano zinatosha kuanzia. Kikundi kikubwa mno hugeuka kuwa kazi ya mtu mmoja kuwakumbusha wengine kumi na tisa.

Hesabu yake iko wazi. Mkulima hawezi kuacha njia yake kwa ajili ya kilo 10 za viazi. Kwa kilo 100, anaweza. Na kama haji, gharama ya kukodi gari au pikipiki ya mizigo mara moja kwa mwezi, ikigawanywa kwa nyumba tano, kwa kawaida humgharimu kila mmoja kidogo kuliko nauli zake za kwenda peke yake.

Mambo matatu yaamuliwe kabla ya oda ya kwanza:

Fedha hukusanywa kabla ya kuagiza. Asiyelipa hadi siku ya mwisho jina lake haliingii kwenye oda, hata awe ndugu. Vikundi vilivyovunjika ninavyovijua vilivunjika kwa deni dogo ambalo hakuna aliyethubutu kulidai.

Mahali pa kupokelea pawe pale pale, pasibadilike: sebule, kibaraza, chumba cha walinzi. Pawe na kivuli na pafungwe. Kila mtu achukue siku ile ile, ndani ya muda uliotajwa.

Zamu zizunguke. Wiki hii mmoja anapokea na kupima, wiki ijayo mwingine. Anayepokea ahesabu na kukagua mkulima akiwa bado yupo, si baada ya gari kuondoka. Kilichooza kitajwe palepale kwa heshima. Mkulima akubali kufidia kwenye oda ijayo, nanyi mkubali kwamba shamba lina wiki mbaya.

Hapa pia ndipo wasioweza kubeba wanapopata nafasi. Jirani yangu mwenye maumivu ya magoti hajawahi kufika kwenye gulio, lakini ndiye anayeandika oda zetu zote na kuzungumza na mkulima kwa simu. Anajua kabla yetu sote kwamba mvua imechelewa na kabichi itakuwa ndogo. Chakula kinafika kwake kikiwa kimekwisha gawanywa. Bila kazi yake sisi wenye miguu tungebeba oda zilizochanganyika kila mwezi.

Kikundi kimesimama mnapofika oda ya tatu bila mtu mmoja kulazimika kuwafuata wengine mlango kwa mlango.

## Hatua ya 9: Saa ya kwanza nyumbani

Usiweke begi sakafuni ukapumzika. Vya baridi viingie kwenye friji kwanza. Maziwa mabichi yachemshwe kabla ya kunywewa. Kisha:

- Kata majani ya karoti na ya viazisukari (bitiruti), maana yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi, na kesho utakuta karoti zimelegea.
- Nyanya zisiingie friji mpaka ziive. Baridi ya chini ya nyuzi 12 huzipunguzia ladha.
- Viazi viwe gizani, mahali penye hewa. Mwanga huvifanya viwe kijani, na rangi hiyo ni dalili kwamba solanini imeongezeka, ambayo ni sumu. Vitenganishe na vitunguu, kwani vikikaa pamoja vyote huharibika mapema.
- Matunda yanayoiva, kama ndizi na tofaa, yakae mbali na mboga za majani. Hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani yawe manjano.
- Mayai ambayo hayajaoshwa yaache hivyo hadi utakapoyatumia. Ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu kuingia, na kuyaosha huuondoa.

Kisha fungua daftari, uandike mistari mitatu: ulibeba kilo ngapi, ulitumia dakika ngapi kurudi, nini kiliharibika. Baada ya safari nne utaona penye tatizo. Mimi niligundua kwamba kilichokuwa kikioza nyumbani kilikuwa majani yale yale kila wiki, yaani fungu la tatu la mchicha, ambalo nilikuwa nikilinunua kwa sababu tu lilikuwa zuri machoni.

## Ukikwama

Kama hakuna mkulima yeyote ndani ya dakika 45, rudi kwenye swali la hatua ya 2 na uwaulize wanaopokea mazao: mpishi wa shule, mwenye mgahawa, mchuuzi. Wao wanajua magari yanayoingia mjini alfajiri na yanasimama wapi.

Kama unamudu safari moja tu kwa mwezi, iwe ya fungu la pili, na uipange kwa gari la kukodi pamoja na jirani mmoja. Mboga za majani panda mwenyewe kwenye ndoo mbili tatu penye jua, zilizotobolewa chini.

Na kama mkulima ameacha kujibu ujumbe, mpigie kabla ya kumkasirikia. Msimu wa kupanda simu hubaki nyumbani. Mpigie saa 1 jioni, akiwa ametoka shambani, na umuulize kwanza habari za mvua.